Matofali Yangu, Talaka ya Dativa

Mlabani,
Ifakara.
Jumapili, 8 Agosti 1999

Mpendwa kaka Apolinari,

Shikamoo kaka. Nimetoka misa ya pili sasa hivi na bado nina nguo za kanisani. Nikisema nibadilishe kwanza nitashika kazi nyingine, na barua hii itaahirishwa tena kama inavyoahirishwa tangu Juni. Hujambo? Kifua kinaendeleaje na lile vumbi la mbao? Wifi Brigita je, magoti yamepoa? Mwambie nimemtaja kwenye sala zangu leo, tena kwa jina. Na watoto wote wa hapo Singida nawasalimu mmoja mmoja.

Sisi huku tu wazima. Mwezi wa tano maji yalipoanza kukauka homa zilikuwa nyingi, nami nililala siku nne, ila nilinyanyuka. Mpunga mwaka huu umekubali. Biashara yangu ya samaki iko palepale sokoni, kitoga wanapatikana, shida ni moshi wa kuwakausha unavyonimaliza macho. Ukiona mistari inapanda na kushuka, ndiyo sababu.

Kaka, nina habari ndefu na nakuomba uisome mpaka mwisho, hata pale utakapokasirika. Inamhusu Amedeus.

Najua tulikubaliana jina hilo lisitajwe. Mimi nimelitunza agano hilo miaka kumi na tisa. Lakini sasa limetajwa mahakamani, nami nimesimama hapohapo na kulitaja, kwa hiyo ni heri ulisikie kwangu.

Unajua baada yangu alioa msichana wa Kiberege anaitwa Dativa. Alimwoa mwaka 83, kimila, kama alivyonioa mimi, na yeye naye aliahidiwa kwamba ndoa itabarikiwa kanisani mambo yakikaa sawa. Wana watoto wawili. Miaka yote hiyo nikipita Lipangalala nilikuwa nazungukia njia ya juu nisiione nyumba ile. Dativa nikimwona sokoni namuuzia samaki kama mteja mwingine, namfungia kwenye gazeti, basi. Sikumchukia. Nilimwonea wivu, na wivu wenyewe ulikuwa wa kawaida tu: wa watoto, wa kupika kwenye jiko la kwako.

Januari mwaka huu Amedeus alimvunja mkono. Alimpiga na mpini wa jembe, mchana kweupe, kisa chakula kimechelewa. Na hapa kaka nitakuambia jambo la aibu. Niliposikia, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huruma. Niliuonea wivu ule mkono.

Nisikilize. Mkono uliovunjika unaonekana. Majirani walikuja wakamchukua, wengine walimshika huku wengine wakiwabeba watoto, wakampeleka polisi akapewa fomu ya matibabu, kisha hospitali. Akafungwa plasta nyeupe, kila aliyekutana naye akasema pole mama, pole sana. Mimi Amedeus alinipiga kofi la sikio mwaka 79 na sikio la kushoto halikusikia tena mpaka leo, lakini sikio lililokufa halina plasta. Nilijikanda kwa maji ya chumvi. Jirani yangu wa wakati ule aliniambia nivumilie, wanaume wote ndivyo walivyo, halafu akaniomba ungo.

Dativa hakuvumilia. Mwaka jana walikuja kina mama wanasheria kutoka Dar es Salaam wakafanya semina ya siku mbili pale ofisi ya kata. Mimi sikwenda, nilikuwa na samaki juani. Yeye alikwenda. Huko waliambiwa kwamba Sheria ya Ndoa imeandika wazi kuwa hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Waliambiwa mali iliyochumwa na wawili hugawanywa na mahakama ndoa ikivunjika. Wakaambiwa pia kwamba Mahakama ya Rufani ilishasema tangu mwaka 83 kuwa kupika, kufua na kulea ni mchango, siyo bure. Na sasa redio kila siku ni sheria: mwaka jana ya kuwabana wabakaji, mwaka huu ya ardhi, kwamba mwanamke naye anaweza kumiliki shamba kwa jina lake. Naisikiliza kwa sikio moja na roho inaniuma. Utadhani kuna gari la misaada limepita mtaani kwetu siku nilipokuwa nimesafiri.

Basi Dativa akaenda baraza la usuluhishi la kata. Amedeus akaitwa mara mbili, akakubali kosa mara mbili, akarudi kumpiga mara mbili. Baraza likaandika kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kwa karatasi hiyo Dativa akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo, anataka talaka, watoto, na sehemu yake katika nyumba ya Lipangalala na shamba la mpunga la Namawala.

Nyumba ya Lipangalala, kaka. Unaikumbuka.

Mwezi wa nne alikuja kwangu, jioni natoa samaki kwenye moshi. Plasta ilikuwa imeshatolewa, ila mkono bado umesinyaa. Akanipigia magoti kidogo.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba. Samaki wamekwisha.”

“Sijafuata samaki, dada. Nimekuja kukuomba ushahidi. Amedeus anasema mahakamani kwamba hajawahi kupiga mwanamke, kwamba mimi ndiye mkorofi. Wewe ukisema, watajua tabia yake ni ya siku zote.”

Nikamtazama. Alikuwa amevaa kitenge kizuri, nywele amesuka. Nikasema moyoni, huyu amekaa ndani ya kuta zangu miaka kumi na sita, leo anataka nimsaidie azichukue.

“Kwangu hakuna ushahidi,” nikamwambia. “Yangu yalikwisha na wazee.”

Hakulia wala hakubishana. Akasema asante dada, akaondoka. Jumapili mbili mfululizo nikawa nasali misa ya kwanza ili nisikutane naye.

Wiki ya tatu akaja Amedeus mwenyewe. Miaka kumi na tisa hajawahi kukanyaga mlangoni kwangu. Amezeeka, kaka, meno ya mbele hana, lakini kofia anaivua kwa adabu ileile aliyokuja nayo kuchumbia. Hakukaa. Akasema maneno ambayo, Mungu anisamehe, niliyangoja tangu nikiwa msichana wa miaka ishirini na sita.

“Yosefina, nyumba ile tulijenga mimi na wewe. Matofali ulifyatua wewe kule Lumemo, nakumbuka mpaka leo. Yule amekuta kuta zimesimama. Njoo uiambie mahakama hivyo.”

Nilishika nguzo ya kibanda. Kaka, wewe ulikuwepo kwenye kikao cha mwaka 80. Ulikaa na baba mdogo Viktor upande wa mkono wa kulia, mimi nimekaa chini kwenye mkeka. Amedeus alisema nini? “Huyu alikuja na khanga mbili, ataondoka na khanga mbili. Nyumba nimejenga mwenyewe. Tena hazai.” Alisema hivyo mbele ya wazee kumi na moja. Na leo mtu huyohuyo amesimama mbele ya moshi wangu ananiambia matofali yalikuwa yangu.

Nilijua kwa nini anasema. Alitaka mahakama ione kwamba nyumba ilikuwepo kabla ya Dativa, ili Dativa atoke mikono mitupu. Nilijua, na bado nilifurahi. Nikafikiri: mtu mmoja tu duniani anajua nilivyoteseka na matofali yale, naye sasa atayasema mbele ya hakimu. Na yule wa kitenge aonje alichoonja mwenzake. Kwa nini apewe yeye? Ana nini cha kunizidi mimi?

Nikamwambia Amedeus, “Nitakuja.”

Ndivyo nilivyokuwa kaka. Sikufichi.

Shauri lilisikilizwa Juni. Chumba chenyewe kidogo, hakimu mbele, wazee wa baraza wawili, mmoja mwanamume na mmoja mama mtu mzima mwenye miwani, na karani pembeni. Nikaapishwa kwa Biblia kama shahidi wa mdaiwa. Dativa aliponiona nimesimama upande ule akainamisha kichwa, hakuniangalia tena.

Amedeus akaniuliza mwenyewe, maana pale hakuna mawakili.

“Shahidi, iambie mahakama nyumba ya Lipangalala ilijengwa lini, na nani alifyatua matofali.”

“Ilijengwa mwaka 78 na 79. Matofali nilifyatua mimi, viangazi viwili. Na tanuri tulichoma mimi na kaka yangu.”

“Dativa alikuwepo?”

“Hakuwepo. Alikuwa mtoto wa shule.”

“Sina swali lingine,” akasema, akatabasamu.

Lile tabasamu nalijua. Ndilo alilokuwa nalo siku ya kikao, wazee walipomwambia nyumba ni yako. Nikasimama pale mbele ya hakimu nikaelewa kitu ambacho mtoto mdogo angekielewa zamani. Dativa akinyimwa nyumba hii, sipewi mimi. Anabaki nayo yeye. Wivu wangu wote ulikuwa unambebea Amedeus matofali kwa mara ya pili.

Hakimu akamwambia Dativa, kama una swali kwa shahidi, uliza. Akasimama. Nilitegemea maneno makali, na nilikuwa nayastahili. Akaniuliza taratibu sana:

“Dada, ulipotoka kwenye nyumba ile, ulipewa nini?”

“Sikupewa kitu.”

“Sema kwa sauti, mahakama isikie,” akasema hakimu.

“Sikupewa kitu, mheshimiwa. Nilitoka na khanga nilizovaa na sikio moja ambalo halisikii mpaka leo kwa sababu ya kofi la mtu huyu.”

Amedeus akaruka, akasema hayo sikumwita kuyasema. Hakimu akamwambia shahidi akishaapa anasema yote. Yule mama mwenye miwani akainama mbele.

“Kwa nini uliondoka, mama?”

Hapa kaka ndipo palipo na jambo ambalo hukuwahi kulijua. Nisamehe kwamba wamelisikia watu baki kabla yako. Nilisema: “Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Alinipiga teke, ikatoka. Baada ya hapo sikushika tena. Kisha akawaambia wazee kwamba sizai.”

Karani aliacha kuandika, hakimu akamwambia andika.

Mle kwenye kikao nilinyamaza kwa sababu yako na baba mdogo. Ningesemaje habari za tumbo langu mbele ya wanaume kumi na watatu, wengine wakwe? Mlidhani kweli ni tasa, mkaona aibu, mkataka mambo yaishe haraka. Najua. Niliiona ile aibu usoni kwako.

Sikuishia hapo. Hakimu aliniuliza kama najua chochote kuhusu kazi ya Dativa kwenye mali ile, nikasema ninachojua, japo kila neno lilinitoka kwa uchungu. Nikasema mimi nilipotoka nyumba ilikuwa na paa la nyasi na sakafu ya udongo. Leo ina bati, ina saruji, ina vyumba viwili vya nyuma ambavyo havikuwepo. Nikasema yule mama namwona kila mwaka akienda Namawala na kurudi na mpunga kichwani, wakati mwingine na mtoto mgongoni, na Amedeus namwona kilabuni. Nikasema basi. Nikashuka.

Dativa hakusema asante. Ningekasirika kama angesema.

Hukumu ilisomwa Ijumaa tarehe 9 Julai. Nilifunga biashara nikaenda, nikajiambia nakwenda kusikia tu. Ndoa imevunjwa. Watoto kwa mama, baba atatoa matunzo. Hakimu alisema kuta zilikuwepo kabla, hilo ni kweli, lakini nyumba imeboreshwa kwa jasho la wote wawili na sheria inalitambua hilo. Dativa amepewa vyumba vya nyuma pamoja na nusu ya shamba la Namawala. Amedeus amebaki na vyumba vya mbele, na ameonywa kwamba akimgusa tena atafungwa.

Karani akampa karatasi yenye muhuri. Dativa akaishika kwa mikono miwili, ule mzima na ule uliosinyaa, akaisoma palepale barazani midomo ikichezacheza. Akina mama wa mtaani kwao wakapiga vigelegele. Mimi nilikaa kwenye benchi. Kaka, nimewahi kuona watu wana magari, wana watoto makasisi, sijawahi kutamani kitu cha mtu kama nilivyoutamani ule muhuri.

Nikiwa nimekaa hivyo yule karani akanijia. Kijana wa heshima, mtu wa Mahenge.

“Shikamoo mama. Samahani, talaka yako wewe ilitolewa na mahakama gani?”

“Mahakama gani mwanangu? Wazee ndio walituachanisha. Mwaka 80.”

“Mama, kuanzia sheria ya mwaka 71 ndoa haivunjwi na wazee. Inavunjwa na mahakama. Kwa vitabu vyetu wewe bado ni mke.”

Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakuwa anatania. Nikamuuliza, mwaka 80 sheria hiyo ilikuwepo? Akasema ilikuwa na miaka tisa.

Kaka, tangu siku ile sijalala vizuri. Nilikuwa namwonea Dativa wivu nikidhani yeye amezaliwa wakati mzuri na mimi nimezaliwa wakati mbaya. Kumbe ilikuwa sheria moja. Ilikuwepo siku mlipokaa kikao. Ilikuwepo siku ulipomjibu Amedeus kwa sauti ya kiume, “Hatujaja kudai matofali, tumemfuata dada yetu,” na wazee wakakusifu, na mimi nikaona fahari kuwa na kaka kama wewe. Ulinipenda, najua. Ulinichukua ukanipa chumba na chakula. Lakini yalikuwa matofali yangu kaka. Hukuniuliza.

Nimekwenda baraza la usuluhishi. Nimemshitaki Amedeus nikiwa na umri wa miaka arobaini na mitano. Karani amenionya nisiwe na hakika, kwamba miaka ni mingi na hakimu anaweza kuamua vinginevyo, na kwamba mengi yatategemea mashahidi. Nikikosa, nitakuwa nimekosa mbele ya mahakama, siyo juu ya mkeka nimeinama. Na hata nikipata, nitadai kwenye vyumba vya mbele, sehemu ya Amedeus. Ya Dativa sitaigusa. Nimemwambia mwenyewe.

Alikuja wiki iliyopita. Safari hii alikaa, nikampa uji. Amesema atanitolea ushahidi, kwamba amemsikia Amedeus mara nyingi akilewa anataja matofali ya Yosefina. Halafu akasema, “Ukipata dada, chukua chumba cha mkono wa kulia. Asubuhi jua linaingia lote, utaanikia samaki dirishani.” Nikanywa uji wangu. Mimi nilikaa mle miezi mitano tu, madirisha bado yamezibwa kwa matete. Nikamwonea wivu hata hapo, kwamba anajua jua linaingia chumba gani katika nyumba niliyoijenga mimi. Sidhani kama wivu huu utaisha. Ila uji nilimwongeza.

Sasa ombi langu. Baraza limepanga kunisikiliza Jumatano tarehe 15 Septemba. Baba mdogo hayupo tena, na wazee wa upande wao waliobaki wanasema wamesahau. Aliyechoma tanuri pamoja nami ni wewe. Aliyesikia Amedeus akisema nyumba ni yake peke yake ni wewe. Na aliyesema hatudai ni wewe pia, nataka uje uliseme na hilo, kisha useme kama ungesema hivyo leo. Sikuombi uone haya. Nakuomba upande gari.

Ukiona huwezi, niandikie huwezi. Usiniandikie nivumilie.

Nisalimie sana wifi Brigita, na Dionisi na mchumba wake, na mzee Kasmiri wa karakana kama bado yupo. Shangazi Sikitu wa Mngeta anawasalimu, anasema mnamwangusha kwa kutoandika. Mungu akitunze kifua chako, aibariki mikono yako na kazi yake, na akufikishe Ifakara salama.

Ni mimi dada yako nikupendaye, na ninayekungoja,

Yosefina